Tunapakia Karamu, Tunasahau Usiku



Ndugu wasomaji, kila kiangazi kinapokaribia swali ni lile lile katika familia zetu hapa Kigali: mwaka huu tuwapeleke watoto wapi? Wengine husema Karongi au Rubavu, kando ya ziwa Kivu. Wengine husema Akagera, tukalale kwenye mahema, watoto wawaone simba, viboko na twiga ambao Mwenyezi Mungu amewaweka katika nchi yetu. Ni fikra njema na sisi tunaiunga mkono. Lakini leo tunataka kusema jambo ambalo huenda lisiwafurahishe wote. Safari nyingi za namna hii tunaziharibu wenyewe kabla hatujatoka nyumbani, siku ile tunapofunga mizigo.

Tunasema hivyo kwa sababu yametukuta.

Safari yetu ya kwanza ya Akagera tulikuwa familia tatu kutoka Nyamirambo, watu 17, na kati yao watoto 10. Akina mama walianza kupika tangu Alhamisi. Jumamosi asubuhi gari limejaa ndipo mmoja wetu akakumbuka kwamba ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, na njia hazifunguki mpaka saa 5. Tukaondoka tumechelewa, tukasimama njiani mara tatu, na tukafika kambini jua linazama. Kwenye gari tulikuwa na sufuria mbili za pilau, ndoo ya sambusa, katoni nne za soda, mbabura na gunia la makaa, na zulia la sebuleni. Tochi ilikuwa moja, tena ya simu. Mahema yalikuwa matatu, yote ya kuazima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyasimamisha. Moja lilikosa nusu ya vigingi vyake. Mpaka tunamaliza, Maghrib ilikuwa imetupita na watoto wadogo wamelala ndani ya gari na viatu vyao.

Ikafika saa 8 usiku. Upepo ulikuwa unapita juu ya kilima, na baridi ilikuwa inapanda kutoka ardhini kupitia mikeka. Watoto wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine. Baba mmoja, kwa huruma tu, akachukua mbabura yenye makaa yaliyokolea akaiingiza ndani ya hema la watoto na kufunga mlango. Alhamdulillah, bibi yetu alikuwa macho. Alipiga kelele: "Toa hiyo! Mnataka asubuhi tuwazike?" Bibi hakusoma kemia, lakini alijua ambalo sisi wenye vyeti tulilisahau. Makaa yaliyokolea hayana moshi wa kuonekana, ila yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya mahali palipofungwa hewa hiyo inaua mtu akiwa usingizini. Tulikesha kwenye magari.

Asubuhi mama mmoja aliyekuwa ameosha vyombo tangu alfajiri alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Mkienda tena, mimi nabaki. Sikutoka nyumbani mimi, nimehamisha jiko tu."

Ndugu zetu, huo ndio msiba wa safari zetu. Tunapakia karamu, tunasahau usiku. Na anayelipa ni mtoto anayetetemeka na mama asiyepumzika.

Baada ya safari ile tulikaa tukazungumza. Wapo waliosema mambo ya kulala porini ni ya matajiri na watalii, tuyaache. Wapo waliosema tuagize vifaa vya bei kubwa kutoka nje. Sisi hatukubaliani na wote wawili. Hema si geni kwetu. Neno lenyewe lilitujia Waswahili kutoka Kiarabu, na Wanyarwanda wanasema ihema, na ziwa kubwa la Akagera linaitwa hivyo hivyo, Ihema. Wala si lazima kununua vingi. Vinavyohitajika ni vichache, ila viwe vile vinavyofaa. Njia ya kuvipata ni moja: wakati wa kufunga mizigo, anzeni na usiku, mrudi nyuma mpaka mchana.

Kwanza, malazi. Hema lililoandikwa "watu wanne" linatosha watu wazima wawili na mtoto mmoja au wawili, pamoja na mabegi yao. Hesabuni hivyo na mtalala kwa raha. Baridi inayomsumbua mtu kwenye hema inatoka chini zaidi kuliko juu. Kwa hiyo blanketi tatu juu ya mkeka hazimsaidii mtoto kama kipande cha godoro la sponji chini yake na blanketi moja juu. Lile godoro la kupuliza hewa linavutia dukani, lakini usiku hewa iliyomo ndani inapoa na linaweza kutoboka. Sponji haitoboki. Tandikeni turubai chini ya hema, na kingo zake zisitokeze nje, kwa sababu mvua ikinyesha zitakinga maji na kuyaleta chini yenu. Kila mtoto awe na soksi na kofia ya kulalia. Na mbabura isiingie hemani kabisa, hata ikiwa imebaki na makaa mawili.

Pili, mwanga. Kwetu hapa jua linazama karibu saa 12 jioni mwaka mzima, na giza linaingia haraka. Mkifika saa 9 mtasimamisha mahema mnaonana, mtaswali Alasiri kwa utulivu na mtakula mapema. Mkifika saa 12 mtagombana. Tochi ya kufunga kichwani inaacha mikono miwili huru ya kubeba mtoto au kufunga kamba. Tunashauri kila hema liwe na moja, pamoja na betri za akiba. Simu iachwe kwa ajili ya dharura.

Tatu, maji. Hapa familia nyingi hukosea kwa sababu nyumbani tumezoea bomba. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja ya maji, nayo haifiki lita moja. Pigeni hesabu: familia ya watu sita, udhu mara tano kwa siku, kwa kiasi hicho ni kama lita 20, yaani dumu moja tu. Sisi safari ile tulimaliza madumu matatu kabla ya Isha, kwa sababu kila mtoto alijimwagia. Siku hizi tunabeba ndoo yenye kifuniko na bomba dogo chini, na birika moja. Maji ya kunywa yanawekwa mbali na dumu lake linatiwa alama, na tunakadiria lita tatu kwa kila mtu kwa siku moja ya jua.

Nne, swala. Kutoka Kigali hadi Akagera ni zaidi ya kilomita 100, na wanachuoni wengi wanaikadiria safari ya kupunguza swala kuwa kilomita 80 hivi. Muulizeni imamu wenu kabla ya kuondoka ili msibishane porini. Wekeni dira ndogo kwenye begi, kwa kuwa mtandao wa simu si wa kutegemea kila mahali. Kutoka kwetu Rwanda kibla kiko kaskazini, kikielekea mashariki kidogo, si mashariki moja kwa moja kama wengine wanavyodhani. Turubai la pili, lililo safi, liwe la swala tu na lisipikiwe juu yake.

Tano, mavazi. Hili tunawaambia hasa dada zetu, kwa sababu hatukuambiwa na mtu. Akagera ina mbung'o, na mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao inayotundikwa huko porini ni ya vitambaa vya rangi hizo. Aliyevaa buibui jeusi amejigeuza mtego. Stara haina rangi moja. Chukueni baibui au gauni pana la rangi ya kahawia, kijivu au kaki, la kitambaa kizito kidogo, kwani mbung'o anauma mpaka kupitia nguo nyepesi. Wanafunzi nao waache nyumbani sweta za shule za bluu. Kwa usiku, chandarua kisisahauliwe, kwa sababu kandokando ya maziwa mbu ni wengi.

Sita, chakula. Hatusemi watu wale mikate mikavu. Tunasema karamu ipungue. Siku ya kwanza kula kilichopikwa nyumbani, chapati na nyama. Siku ya pili, sufuria moja, maharage yaliyochemshwa tayari, mayai, ndizi, basi. Chakula chochote kisilale ndani ya hema, maana nyani na tumbili hawabishi hodi. Wala msitegemee mifuko ya plastiki, nchi yetu iliipiga marufuku tangu mwaka 2008. Tumieni makapu, mifuko ya nguo na ndoo zenye vifuniko. Tumegundua kwamba ndoo ni bora kuliko begi lolote: haipiti maji, inakaliwa kama kiti, na wakati wa kurudi inabeba takataka.

Sasa tuje kwenye mambo mawili ambayo kwa maoni yetu ni makubwa kuliko vifaa vyote.

La kwanza ni mgawanyo wa mzigo. Haifai mama awe ndiye orodha, ndiye mpishi, ndiye mfunga mizigo na ndiye wa kulaumiwa kiberiti kikisahauliwa. Orodha iandikwe kwenye karatasi wiki moja kabla, ibandikwe mlangoni, na kila kitu kiwe na jina la mtu mbele yake. Baba ahusike na mahema na maji. Vijana wahusike na mwanga, kamba na turubai. Mtoto wa miaka saba anaweza kubeba begi lake lenye nguo, kikombe, sahani na kijiko chake, na kuviosha mwenyewe. Wanafunzi mnaosoma makala haya, msisubiri kuambiwa. Chukueni karatasi mwanze nyinyi. Na hema lisimamishwe nyumbani kwanza, uani, Jumapili moja kabla ya safari. Kigingi kilichopotea kinajulikana hapo, si porini saa 1 usiku.

La pili ni umiliki wa pamoja. Tazameni mitaa yetu ya Nyamirambo na Biryogo. Mtu akioza au akifiwa, sufuria kubwa, mikeka na maturubai yanatoka kwa majirani, na hakuna anayesema kila nyumba inunue sufuria yake ya watu 200. Kwa nini mahema tuyaone tofauti? Hema linatumika siku tatu au nne kwa mwaka, siku nyingine zote linakaa kabatini linaota ukungu. Familia sita zikichanga zinaweza kupata mahema matatu mazuri, tochi na ndoo za maji, vikawekwa kwa mtu mmoja mwaminifu na daftari lake. Sharti liwe moja: anayerudisha hema alirudishe limekauka na vigingi vimehesabiwa. Hema lililokunjwa likiwa na unyevu linaoza, na anayeumia ni jirani atakayelifungua.

Huenda wengine wakasema: haya yote kwa ajili ya kulala nje siku mbili? Ndiyo. Mtoto aliyelala kwa joto, akaamshwa Alfajiri akatawadha kwa kikombe kimoja cha maji na kuswali nyuma ya baba yake huku mwangaza unatoka juu ya ziwa, huyo hatasahau. Aliyetetemeka usiku kucha naye hatasahau, na mwaka unaofuata atasema anaumwa tumbo. Sisi wazazi tunalalamika kwamba watoto hawatoki kwenye simu. Basi tukiwatoa, tuwatoe vizuri.

Safari yetu ya pili tulikwenda na nusu ya mizigo ya kwanza. Tulifika saa 9. Mahema yalisimama kwa muda mfupi, kwa sababu vijana walishajifunza uani. Yule mama aliyesema atabaki tulimwomba aje, kwa sharti kwamba asiguse sufuria. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kikombe cha chai mkononi, akitazama viboko majini mpaka tukamwita kwa Maghrib. Alipoulizwa anaonaje, alijibu, "Leo nimetoka nyumbani."

Kwa hiyo kabla ya kiangazi kijacho, tunaomba kila nyumba ifanye jambo moja wiki hii. Kaeni pamoja baada ya Isha, mchukue karatasi, na mstari wa kwanza juu kabisa muandike: tutalalaje? Pilau iandikwe mwisho.

Wabillahi tawfiq.