Upinde Si Pambo la Ukutani

Nyumbani kwangu Mwananyamala, upande wa nyuma wa ua, uko mti mwembamba uliopinda kidogo, ambao kwa miaka mingi watu wa nyumba yangu wameutumia kutegemezea kamba ya kuanikia nguo. Mgeni asiyejua huudhani kuwa ni ufito tu. Mti huo ni upinde wa marehemu baba yangu. Aliuchonga kwa mkono wake mwenyewe huko Kahama, akaja nao mjini alipohamia kwangu uzeeni. Alipofariki dunia, upote wake ulikuwa umekwisha kukatika, na nyumbani hapakuwa na mtu aliyejua kusokota mwingine. Wa kwanza katika kutojua nilikuwa mimi, mwanawe wa kiume.

Siku moja alinitembelea mtumishi mwenzangu, kijana msomi na mwenye adabu. Aliniamkia, akakaa, akanywa chai. Alipouona mti ule akauliza ni kitu gani, nami nikamweleza. Akacheka, akasema: "Mzee wangu, hata wewe bado unaweka nyumbani mambo ya ushenzi?" Hakuwa na nia mbaya. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa, na silitoi kwake peke yake, bali kwa wote wenye mawazo kama yake, nikiwamo mimi wa siku zile.

Kwanza na tulitazame neno hilo la ushenzi. Kijana yule, alipotaka kuaga, alitazama saa ya ukutani. Kilichomwambia kwamba jioni imefika ni mshale. Mvua ikanyesha, ikakatika, na watoto wa mtaani wakapiga kelele kuonyeshana upinde mbinguni. Hivyo basi lugha yake mwenyewe ilikuwa imemkumbusha mara mbili, katika saa moja, kwamba watu walioiunda walikuwa wapiga mishale. Tunalo neno uta, na upinde, na upote. Tunalo wano, ambao ndio mti wa mshale, na kigumba, ambacho ndicho ncha yake. Tunalo podo la kuibebea mishale. Watu hawatungi majina yote hayo kwa kitu wasichokithamini. Leo ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari hapa Kinondoni maana ya wano au podo, aghalabu atakutazama kama unayemsemesha kwa lugha ya kigeni.

Wako watakaosema kwamba upinde ni mambo ya watu wa bara, na kwamba ustaarabu wa pwani haukuwa na haja nao. La hasha! Shujaa mkuu wa pwani yote, Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utenzi mwaka 1913, alikuwa mpiga mishale. Wasimulizi hutueleza kwamba alipokwisha kuchomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, alichukua uta wake akaenda kisimani, akapiga magoti, akatia mshale, akavuta. Na katika hali hiyo akafa. Watu wa mji wakakaa siku kadhaa hawathubutu kuteka maji, kwa kumwogopa mtu ambaye tayari alikuwa maiti. Kama upinde ni ushenzi, basi na tuufute utenzi huo katika hazina yetu ya fasihi, tuone tutabaki na nini cha kujivunia.

Basi dharau hii ilitoka wapi? Haikuzuka yenyewe. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuwataka wawindaji wawe na leseni, akatenga na maeneo ya kuhifadhi wanyama. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London na kutia sahihi mkataba juu ya wanyama wa Afrika, na Waafrika wenyewe hawakuulizwa. Sikatai kwamba wanyama walihitaji kulindwa, maana biashara ya pembe ilikuwa imewamaliza tembo wengi mno. Lakini tazameni namna ulinzi huo ulivyogawanya watu. Mgeni mwenye bunduki na karatasi ya leseni aliitwa mwindaji, na picha yake akiwa amemkanyaga simba ilitundikwa ukutani kwao. Mwenyeji mwenye upinde, aliyetafuta kitoweo cha watoto wake, aliitwa jangili. Wanyama walikuwa walewale na pori lilikuwa lilelile, ila chombo kilikuwa tofauti, na chombo chetu ndicho kilichotiwa hatiani.

Majirani zetu wa Kenya wanalo somo lao. Wawata, ambao wengine huwaita Waliangulu, walikuwa wakiwinda tembo kwa pinde ndefu katika nyika ya Tsavo. Wazungu waliozipima pinde hizo walikuta kwamba kuzivuta kwahitaji nguvu inayozidi ratili 100. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 ukafanywa msako mkubwa, wawindaji hao wakatiwa vifungoni kwa wingi. Ni kweli kwamba wengi wao walikuwa wakiwauzia wafanyabiashara pembe. Lakini ufundi wa vizazi vingi ulikwisha katika miaka michache, na wachache mno walikaa chini kufikiri namna ya kuwalinda tembo bila ya kuwavunja watu.

Tena wazee waliopika sumu ya mishale hawakuwa wajinga. Daktari John Kirk, aliyefuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi, na ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, ndiye aliyegundua kwamba sumu iliyoitwa kule kombe ina nguvu ya ajabu juu ya moyo. Baadaye ikatengenezwa dawa ya wagonjwa wa moyo. Mwaka 1888 Mfaransa mmoja akatoa dawa ya jamii hiyohiyo katika mti wa sumu ya mishale, nayo ikapewa jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu hiyo. Elimu ya wapika sumu wa Afrika iliingia katika chupa za hospitali za Ulaya, na sisi tukaambiwa kwamba wenye elimu hiyo ni washenzi!

Sasa na tuseme juu ya uzuri wa kazi yenyewe, maana ndilo kiini cha hoja yangu. Katika nchi yetu wapo bado watu wasiouacha upinde. Wahadzabe, wanaoishi kandokando ya ziwa Eyasi na ambao idadi yao haizidi sana watu 1,000, huchonga pinde zao hadi leo. Mtu huchagua tawi lililonyooka, akalimenya gome, akalichonga kwa shoka na kisu, akalipitisha motoni, akalipaka mafuta, akalipinda pole kwa pole mpaka likubali. Upote huusokota kwa kano za mnyama. Wano huupasha moto, akaunyoosha kwa kuuma na meno, akiutazama kwa jicho moja mpaka usiwe na kombo. Manyoya huyafunga mwishoni ili mshale usiyumbe. Kigumba hukifua kwa msumari juu ya jiwe. Katika kazi yote hiyo hakuna hata kitu kimoja ambacho mchongaji hakijui kilikotoka. Nani kati yetu sisi wa mjini anaweza kusema hivyo juu ya chombo chochote alicho nacho mkononi?

Na mawindo yake ni shule vilevile. Mwenye bunduki humwua mnyama akiwa mbali. Mwenye upinde hana budi amkaribie kwa hatua chache. Yampasa ajue upepo unatoka wapi, ajue mnyama anakunywa wapi na saa ngapi, ajue kutulia kama kisiki. Mara nyingi hurudi mikono mitupu, na hilo nalo humfundisha unyenyekevu. Anapopata, nyama hailiwi na mtu mmoja, bali hugawanywa kambini. Huo ndio ujamaa uliokuwako kabla hatujauandika katika vitabu. Mvuto wa upinde hauko katika kuua. Uko katika kumlazimisha mtu ajue mengi kabla hajathubutu kuachia mshale mmoja.

Hapa mpinzani wangu atainuka na kusema: "Je, unataka sisi sote tuingie porini na pinde, wanyama wamalizike?" Sitaki hivyo hata kidogo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ipo, nami ni mtumishi wa serikali, siwezi kumshawishi mtu aivunje. Tu wengi mno sasa, na wanyama ni wachache. Kuwinda na kuachiwe wale ambao ndiyo maisha yao, katika ardhi yao, kama walivyopewa baadhi ya Wahadzabe hati ya kimila katika bonde la Yaeda mwaka 2011. Lakini kuchonga upinde si kuwinda, na kupiga shabaha ya gunia la majani si ujangili. Bhutan imeufanya upigaji mishale kuwa mchezo wa taifa. Wamongolia huushindania kila mwaka katika sikukuu yao ya Naadam, pamoja na mieleka na mbio za farasi. Sijasikia mtu akiwaita washenzi. Kwa nini fahari ya wengine iwe aibu kwetu?

Tena nawakumbusha waliosahau kwamba upinde umelitumikia taifa hili katika siku za karibuni kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe na majambazi walipowasumbua wananchi wa Shinyanga na Tabora, wanavijiji walijiunga katika sungusungu, wakalinda mali zao kwa pinde na mishale. Nilikuwa mtoto, nikamwona baba yangu akitoka usiku na upinde huu ambao leo unategemeza kamba ya nguo. Sisemi kwamba sungusungu hawakukosea. Wapo watu walioonewa, na hilo lisifichwe. Lakini usiku ule sikumwona baba yangu kuwa mshenzi. Nililala usingizi mzito kwa sababu yeye alikuwa macho.

Sina budi nikiri jambo la kuniaibisha. Baada ya maneno ya kijana yule, nilijaribu kuchonga upinde. Niliagiza tawi la mkole, mti uleule ambao Wazaramo, wenyeji wa nchi hii tunayokaa, humpeleka mwali chini yake. Nikachonga kwa muda wa wiki mbili kila nitokapo kazini. Siku ya kuuvuta, ukavunjika katikati mbele ya wajukuu zangu. Nilikuwa nimechonga upande mmoja zaidi ya mwingine, na sikumngoja mkole ukauke. Kosa hilo baba angaliniambia kwa neno moja. Nimetunga mashairi mengi ya kusifu utamaduni wetu, na katika shughuli za kitaifa nimesimama kuwapigia makofi wacheza ngoma waliobeba pinde za mapambo, zenye kamba ya nailoni, zisizoweza kumdhuru hata kuku. Baada ya shughuli pinde hizo hurudishwa stoo. Hivyo ndivyo tulivyouhifadhi utamaduni: tumeshika umbo, tumetupa ujuzi.

Kwa hiyo nasema wazi. Kutoka Mwananyamala hadi Kijiji cha Makumbusho ni mwendo mfupi wa miguu. Nyumba za makabila yetu zimejengwa pale tangu miaka ya 1960, nasi twawapeleka watoto kuzitazama. Na waitwe pale wazee wanaojua kuchonga, si kwa kutazamwa, bali kwa kufundisha, na walipwe kama walimu wanavyolipwa. Sera ya Elimu na Mafunzo, katika toleo lake la mwaka 2023, imeupa mkondo wa amali nafasi yake katika shule zetu. Basi na uchongaji uhesabiwe kuwa ni amali. Mkole na upandwe katika viwanja vya shule. Na maneno wano, kigumba, podo na upote yafundishwe huku vitu vyenyewe vikiwa mikononi, maana neno lisilo na kitu chake halikai sana.

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mimi naongeza kwamba mwenye kuitundika asili yake ukutani naye hayuko mbali na utumwa huo. Nimekwisha kuuondoa upinde wa baba chini ya kamba ya nguo, na mahali pake nimesimamisha bomba la chuma. Nimeagiza tawi jingine la mkole, na mara hii nimemwandikia barua mzee mmoja wa Kahama aje akae nami mwezi mzima. Akija, kijana yule msomi nitamwalika tena. Chai itakuwapo, na kisu cha kuchongea kitakuwapo.