Uteuzi wa besiboli Marekani: Mamilioni yanayolipwa kwa kukisia kesho ya kijana

MWEZI Julai mwaka 2016, wachezaji wawili wastaafu waliingizwa siku moja katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli, ulioko Cooperstown, jimbo la New York nchini Marekani. Ken Griffey Jr. alikuwa chaguo la kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wa ridhaa wa mwaka 1987. Mwenzake, Mike Piazza, alikuwa chaguo la 1,390 katika uteuzi wa mwaka uliofuata.

Griffey alitazamiwa makubwa tangu akiwa mwanafunzi wa sekondari, na hakuwaangusha waliomwamini. Piazza aliteuliwa na Los Angeles Dodgers kwa hisani tu, kwa kuwa kocha wa klabu hiyo wakati huo, Tommy Lasorda, alikuwa rafiki wa baba yake. Hadi leo hakuna mchezaji aliyepitia uteuzi huo na kuingia ukumbini humo akiwa amechaguliwa chini zaidi ya Piazza.

Wawili hao wanaibua swali linaloziumiza vichwa klabu 30 za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB) kila mwaka: je, inawezekana kweli kumpima kijana wa miaka 18 na kujua atakuwa nani akifikisha miaka 25? Majibu ya miaka 60 yanaonyesha kwamba inawezekana kwa kiasi. Yanaonyesha pia kwamba orodha ya vijana bora haipangwi kwa kipaji peke yake. Hupangwa kwa kipaji, hofu na fedha.

Uteuzi huo ulianza mwaka 1965, na wa kwanza kuitwa jina alikuwa Rick Monday, aliyechukuliwa na Kansas City Athletics. Lengo lilikuwa kuzuia klabu tajiri zisinunue vijana wote wazuri. Klabu dhaifu hupewa nafasi ya kuchagua mapema, na kijana akishachaguliwa huzungumza mkataba na klabu hiyo peke yake.

Tangu uteuzi wa mwaka 2023, nafasi sita za juu hupangwa kwa bahati nasibu inayozihusisha klabu zilizokosa hatua ya mtoano. Klabu tatu zilizofanya vibaya kuliko zote huwa na uwezekano sawa wa asilimia 16.5 kila moja wa kupata nafasi ya kwanza. Utaratibu huo uliletwa ili klabu zisione faida ya kushindwa kwa makusudi. Idadi ya duru nayo imepunguzwa, kutoka 40 mwaka 2019 hadi 20 kuanzia mwaka 2021.

Wanaoruhusiwa kuteuliwa ni wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, pamoja na wageni wanaosoma katika shule na vyuo vya huko. Aliyemaliza sekondari anaweza kuteuliwa mara moja. Akijiunga na chuo kikuu, kwa kawaida husubiri hadi amalize mwaka wa tatu au afikishe umri wa miaka 21.

Kazi ya kupima hufanywa na wasaka vipaji, ambao husafiri kutwa kucha kutoka kiwanja hadi kiwanja. Mpigaji hupimwa kwa mambo matano: kuupata mpira kwa kigongo, nguvu ya kuupeleka mbali, mbio, nguvu ya mkono katika kurusha, na ustadi wa kulinda uwanja. Mrushaji, yaani yule anayemtupia mpigaji mpira, hupimwa kwa kasi ya mipira yake, namna inavyopinda na uwezo wa kuielekeza anakotaka.

Kila jambo hupewa alama kati ya 20 na 80, na alama 50 ndiyo wastani wa mchezaji wa ligi kuu. Jambo la msingi ni kwamba alama hizo hutolewa mara mbili, moja kwa uwezo wa leo na nyingine kwa uwezo unaotarajiwa. Kijana wa sekondari anaweza kupewa 30 ya leo na 60 ya kesho. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo klabu inayoinunua, na haionekani kwa macho wala haipimwi kwa rada.

Teknolojia imesaidia. Leo mitambo hupima kasi ya mpira unapotoka kwenye kigongo, na idadi ya mizunguko ya mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji. Tangu mwaka 2021, MLB huwakusanya vijana kadhaa kabla ya uteuzi na kuwapima afya, mbio na nguvu. Hata hivyo, mitambo hiyo huonyesha kijana alivyo siku ile. Haiwezi kusema atavumilia vipi miaka mitatu au minne ya mabasi, hoteli za bei nafuu na kushindwa mara kwa mara katika ligi za madaraja ya chini.

Ugumu wa kwanza ni upinzani anaokutana nao kijana. Wanafunzi wa sekondari na vyuo hutumia vigongo vya madini, wakati ligi za kulipwa hutumia vya mbao. Mwanafunzi anaweza kung'ara kwa sababu tu wanaomrushia ni dhaifu. Anaweza pia kupuuzwa kwa sababu anakotoka hakuna ushindani wa kumpima.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mike Trout mwaka 2009. Alitoka Millville, New Jersey, eneo la baridi ambako msimu wa shule ni mfupi kuliko California au Florida. Alichaguliwa wa 25. Hata Angels waliomchukua walikuwa na chaguo la 24 pia, na walilitumia kwanza kwa kijana mwingine, Randal Grichuk. Trout alikuja kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake mara tatu, mwaka 2014, 2016 na 2019.

Ugumu wa pili ni mwili, hasa mkono wa mrushaji. Mwaka 1991 New York Yankees walimchagua Brien Taylor wa North Carolina kuwa wa kwanza na kumlipa dola milioni 1.55 za Marekani. Desemba 1993 aliumia bega katika ugomvi uliotokea nje ya uwanja, na hakufika ligi kuu kamwe.

Mwaka 2014 Houston Astros walimchagua Brady Aiken, mrushaji wa sekondari kutoka California, wakakubaliana naye dola milioni 6.5. Vipimo vya hospitali vikaitia klabu wasiwasi kuhusu kiwiko chake, dau likashushwa, naye hakusaini. Machi 2015 alifanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko. Klabu ya Cleveland ilimchagua wa 17 mwaka huo, lakini naye hakufika ligi kuu. Astros walifidiwa chaguo la pili la mwaka 2015, wakalitumia kumchukua Alex Bregman, aliyekuja kuwa nguzo ya timu yao.

Mtu anaweza kusema Astros walikuwa na bahati. Lakini upande wa pili wa kisa hicho alikuwapo kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule, akitakiwa kuamua hatima yake katika siku chache. Klabu ilikuwa na uteuzi mwingine mwaka uliofuata, ilhali yeye alikuwa na kiwiko kimoja cha kurushia.

Ugumu wa tatu ni fedha, na huu ndio usiozungumzwa sana. Tangu mwaka 2012, kila nafasi katika duru 10 za kwanza imepangiwa thamani, na jumla ya thamani hizo ndicho kiasi ambacho klabu inaweza kutumia bila adhabu. Klabu ikimlipa chaguo lake la kwanza pungufu, salio linaweza kutumika kumnasa kijana mwingine aliyekuwa akidai fedha nyingi.

Astros walifanya hivyo katika mwaka huo wa kwanza. Walimchagua Carlos Correa wa Puerto Rico kuwa wa kwanza, wakasaini naye kwa dola milioni 4.8, ilhali nafasi hiyo ilipangiwa dola milioni 7.2. Salio hilo liliwawezesha kumpata Lance McCullers Jr. katika nafasi ya 41 kwa dola milioni 2.5. Wote wawili walifika ligi kuu.

Kwa hiyo msomaji anapoona fulani amechaguliwa wa kwanza na fulani wa nne, asidhani kuwa ameona mpangilio wa uwezo. Mwaka 2025 Washington Nationals walimchagua Eli Willits wa Oklahoma, kijana wa miaka 17, wakamlipa dola milioni 8.2. Ethan Holliday, aliyechaguliwa wa nne na Colorado Rockies, alilipwa dola milioni 9. Wa nne alipata zaidi ya wa kwanza.

Pamoja na hayo, si haki kusema kwamba wasaka vipaji hubahatisha tu. Stephen Strasburg, chaguo la kwanza la mwaka 2009, aliibuka mchezaji bora wa fainali za mwaka 2019. Bryce Harper, wa kwanza mwaka 2010, ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake mara mbili. Paul Skenes, wa kwanza mwaka 2023, alilipwa dola milioni 9.2, na mwaka 2025 akatwaa tuzo ya Cy Young, inayotolewa kwa mrushaji bora.

Lakini Skenes huyo huyo alipomaliza sekondari mwaka 2020 hakuteuliwa na klabu yoyote. Uteuzi wa mwaka huo ulikuwa wa duru tano tu kutokana na janga la corona. Alikwenda chuo cha Jeshi la Anga, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, na huko mipira yake ikavuka kasi ya maili 100 kwa saa. Miaka mitatu ya kukua ilitosha kumtoa nje ya orodha na kumweka kileleni.

Mark Appel alipitia njia iliyo kinyume. Alichaguliwa wa kwanza mwaka 2013, mbele ya Kris Bryant, ambaye mwaka 2016 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake na bingwa akiwa na Chicago Cubs. Appel aliandamwa na majeraha, akaacha mchezo mwaka 2018, akarudi mwaka 2021, na kufika ligi kuu mwaka 2022 akiwa na miaka 30.

Kwa vijana wa Afrika Mashariki mlango ni mwingine. Wanaoishi nje ya Marekani, Kanada na Puerto Rico hawapitii uteuzi huo, bali husainiwa moja kwa moja, wengine wakiwa na miaka 16. Uganda, ambayo mwaka 2012 ilipeleka timu katika fainali za dunia za watoto za Little League huko Pennsylvania, imeanza kuuona mlango huo. Mwaka 2022 Dodgers walisaini Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma.

Vijana hao wanatoka mahali ambako msaka vipaji hana takwimu za miaka mingi za kulinganisha, wala ligi ya shule yenye ushindani wa kutosha. Ikiwa Trout alipuuzwa kwa kutoka New Jersey, si vigumu kuelewa ni wangapi wasioonekana kwa kutoka mbali zaidi.

Klabu zinao uwezo wa kukosea, kwani huchagua vijana wapatao 20 kila mwaka, na mmoja akifanikiwa hufidia hasara ya wengi. Kijana hana hesabu hiyo. Alama anayopewa ni makisio ya watu wenye uzoefu, na makisio hayo yanaweza kumlipa vizuri leo. Ni busara kwake na kwa wazazi wake kuyapokea kama bei ya soko ya siku ile, na kuhakikisha kwamba mkataba unaacha nafasi ya kurudi shuleni iwapo makisio hayatatimia.