AFYA YA JAMAA: Ziwa ni dawa, nayo dawa ina masharti



Mwezi uliopita baba mmoja wa Bukavu, fundi wa mbao, alitujia nyumbani jioni. Mganga alikuwa amempima, akakuta damu yake inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, ugonjwa ule ambao wengi huuita tansio. Akamwagiza kufanya mazoezi. Lakini magoti yanamwuma, na vilima vya mji wetu twavijua sote. «Mwalimu, mtu kama mimi afanye nini?» Tukamwonyesha ziwa. Akacheka: «Kuogelea ni mchezo wa watoto.» Kwa kuwa wengi hufikiri kama yeye, tumeona vema kujibu hapa.

Mtu asimamapo nchi kavu, magoti yake hubeba uzito wa mwili. Akiingia majini mpaka shingoni, maji humwinua, na miguu haichukui ila sehemu moja hivi katika kumi ya uzito ule. Basi viungo hupumzika. Lakini misuli haipumziki, maana maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, nayo hushindana na kila mkono unaoyasukuma. Moyo huamka, damu hutembea, mapafu hujifunza kuvuta hewa kwa kipimo. Mtu akidumu hivyo kwa majuma mengi, moyo wake hupata nguvu, tansio yaweza kushuka, misuli hutumia vizuri zaidi sukari iliyo katika damu, na usingizi huwa mtamu. Walakini asiache vidonge vyake pasipo amri ya mganga. Tena asiache kutembea kidogo mahali pa tambarare, kwa kuwa kuogelea hakukazi mifupa kama kutembea.

Kipimo ni kipi? Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri dakika 150 hadi 300 kila juma, na watoto wa miaka 5 hadi 17 dakika 60 kila siku. Nusu saa mara tano kwa juma yatosha kumfikisha mtu mzima kwenye 150. Mgonjwa aanze kwa dakika 10, akiongeza polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

Siku ya pili fundi alirudi, akatueleza neno alilokuwa amelificha. Amekaa kando ya ziwa miaka yote, wala hajui kuogelea. Tena, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipozama karibu na Goma, ikiwa imebakiza safari fupi kufika, watu wengi walikufa. Na tangu siku hiyo amemkataza mwanawe asikaribie maji. Juzi alimkuta na nguo mbichi, akampiga.

Hatukumcheka. Hofu yake ina sababu. Lakini tulimwuliza: «Je, mtoto huyu hatapanda mashua kamwe?» Katazo halimwondoi mtoto majini, humfanya aende kwa siri, peke yake, na hapo ndipo hatari ilipo kubwa. Mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Kwa sababu hiyo Shirika lile lile hushauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kujilinda majini. Nasi twaongeza: wasichana pia, maana mama zetu ndio wanaovuka ziwa na mizigo ya soko. Hata hivyo, ajuaye kuogelea asidharau koti la kuokolea safarini. Mawimbi hayaulizi nani fundi.

Basi yashikeni masharti haya:

1. Mtu asiingie majini peke yake, wala baada ya pombe, wala wakati wa radi. Mtoto awe chini ya macho ya mtu mzima ajuaye kuogelea.

2. Ufuko wa Kivu hushuka ghafula mahali pengi. Mwanafunzi asipite pale maji yanapomfikia kifuani.

3. Karibu na Goma na Sake jihadharini na mazuku, hewa mbaya isiyo na rangi, ikaayo mabondeni, pengine hata kando ya ziwa. Wenyeji wanapajua mahali pake; waulizeni kwanza.

4. Ndugu wa Tanganyika wana mamba na viboko, tena kichocho, ambacho mdudu wake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi. Waepuke maji yaliyotulia penye majani, na mwenye dalili aende kupimwa.

Jumamosi iliyopita tulishuka ufukoni pamoja na fundi, na mvuvi mmoja aliyekubali kumfundisha. Alisimama katika maji ya kifuani, akitetemeka, wala si kwa baridi. Ndipo mwanawe, ambaye kumbe amekwisha kujua kuogelea, akamshika mikono yote miwili, akamwambia: «Baba, legeza mwili, maji yatakubeba.» Akalegeza. Yakambeba.

Tulipokuwa tukipanda kilima kurudi nyumbani, baba alimwomba mwanawe msamaha kwa fimbo ile. Jumamosi ijayo watashuka tena.