Matanga yakianuliwa, nani hubaki na kijana?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mwenye kuhuisha na kufisha, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyelelewa katika uyatima akawa rehema kwa walimwengu wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, umma wetu una sifa njema katika kuzikana. Habari ya kifo ikishatangazwa msikitini, haupiti muda mrefu kabla jamvi halijatandikwa, sanda haijapatikana na kaburi halijachimbwa. Majirani huleta chakula, wanawake hujaa ndani, wanaume hukaa barazani, na hitma husomwa. Siku ya tatu matanga huanuliwa, masufuria yakarudishwa kwa wenyewe, na kila mtu akarejea kwenye shughuli zake. Hapo ndipo tunapoliuliza swali la Ijumaa ya leo: katika nyumba ile iliyobaki kimya, nani hubaki na kijana?

Mjane anayo sheria inayomhifadhi, nayo ni eda ya miezi minne na siku kumi. Mtoto mchanga hubebwa na shangazi na mama wadogo. Lakini kijana wa miaka 13 hadi 18 hana pa kuwekwa. Akiwa mvulana, huambiwa ajikaze kwa kuwa sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Akiwa msichana, hukabidhiwa jiko na wadogo zake, na machozi yake humwagika juu ya vitunguu bila ya mtu kujua yanatoka wapi. Walimu husema amekuwa mtukutu, au mvivu, au mkimya kupita kiasi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miezi mitatu iliyopita alishuka kaburini kumpokea baba yake.

Pengine sababu moja ya usahaulifu huu ni kuisoma fiqihi nusu. Ni kweli kwamba hukumu ya uyatima huisha mtoto anapobaleghe. Lakini Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nisaa aya ya 6, haikutosheka na balehe peke yake. Imewaamrisha walezi wawajaribu mayatima, na wasiwakabidhi mali zao mpaka waone kwao uongofu wa akili, yaani rushdi. Kati ya balehe na rushdi pana masafa, na kijana wetu aliyefiwa anasafiri katika masafa hayo. Ikiwa Sheria haimwamini kwa mali yake kabla hajakomaa, vipi sisi tunamwamini kuubeba peke yake msiba ambao hata watu wazima huwaangusha?

Sababu ya pili ni kudhani kwamba subira maana yake ni kunyamaza. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa kumkosa Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye alisema kwamba mashitaka ya huzuni yake anayapeleka kwa Allah tu (12:84-86). Hakunyamaza, alijua pa kusemea. Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya sahaba zake, akawafahamisha kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila yale yanayomridhisha Mola. Kilichoharamishwa ni kuomboleza kwa mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Machozi na maneno mema havikuharamishwa.

Na tutazame alivyowatendea vijana. Jaafar bin Abi Talib (R.A.) aliuawa shahidi katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria. Mtume (S.A.W.) aliagiza familia yake ipikiwe chakula kwa kuwa wamefikwa na jambo linalowashughulisha. Hadi hapo ndipo tunapofika na sisi. Lakini yeye hakuishia hapo. Baada ya siku tatu, wakati ambao sisi tunakunja jamvi, alikwenda tena nyumbani kwa Jaafar, akawaita watoto, akamwita kinyozi awanyoe, akawaombea dua, na mama yao alipoeleza wasiwasi wake juu yao akamtuliza kwamba yeye ndiye mlezi wao. Kazi yake kwa watoto ilianza matanga yalipokwisha.

Kisha kuna Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik (R.A.), aliyefiwa na kindege alichokuwa akichezea. Mtume (S.A.W.) hakusema kwamba kindege ni kitu kidogo. Alimwita mtoto yule kwa jina la heshima la watu wazima, akamuuliza habari za kindege chake kwa maneno mepesi yenye kina kinacholingana na jina lake. Maulamaa wametoa mafunzo mengi katika Hadithi hiyo fupi. Sisi tunalichukua moja: mtoto mwenye huzuni alifikiwa kwa neno lenye vina.

Hapa ndipo inapoingia hoja yetu. Kijana aliyefiwa mara nyingi hawezi kujibu akiulizwa, "Unajisikiaje?" Hutazama chini, akasema hajambo. Lakini mpe kalamu, au sauti ya kasida, au karatasi na wino, au ukili wa kusuka, na utaona ulimi wake unafunguka kwa njia ya mikono. Sanaa iliyo halali ni mlango wa kumfikia, na mlango huu tumeufunga wenyewe.

Tunajua kuna atakayesema: mnatuletea muziki katika misiba? La, hatusemi hivyo. Suala la ala za muziki lina maneno marefu baina ya maulamaa. Wengi wao wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza, na wapo waliokuwa na rai nyingine, kama Ibn Hazm. Hatuna haja ya kuingia katika khitilafu hiyo, kwa sababu yasiyo na ugomvi yanatosha. Sauti ya binadamu katika maneno mema haina ala. Ushairi ulisomwa mbele ya Mtume (S.A.W.), na Hassan bin Thabit (R.A.) alitunga mashairi ya huzuni baada ya Mtume kufariki. Dufu lilipigwa katika harusi na sikukuu, basi tuliache kwenye furaha. Wala hatupendekezi lipigwe katika nyumba ya matanga. Ama uchoraji, Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji aliyemjia achore miti na visivyo na roho. Khati ya Kiarabu, maua na nakshi kama zile zilizochongwa katika milango ya Lamu na Unguja ni uwanja mpana wa kumtosha kijana yeyote.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa, karibu na mwaka 1858, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha. Binti yule alikuwa kijana aliyekwisha kumpoteza baba yake, na haikupita miaka mingi akampoteza mama pia. Lakini maneno ya mama yake alibaki nayo. Shaaban Robert naye, alipofiwa na mkewe Amina, alimtungia shairi la maombolezo, na bintiye alimwachia Utenzi wa Hati. Wazee wetu walijua kwamba neno lililopangwa vizuri huishi na mtu pale ambapo mwenye kulisema hawezi tena.

Utenzi wenyewe unafaa mno kwa kazi hii. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi kutoka ubeti hadi ubeti mpaka mwisho. Kijana anayetunga ubeti juu ya baba yake analazimika kuchagua: niseme lipi kwanza, mkono wake au sauti yake? Huzuni iliyokuwa bahari isiyo na ufuko sasa inapimwa kwa mizani. Na kile kina cha mwisho kinachorudi humfundisha kwamba siku zinapita, lakini kuna kitu kinachobaki.

Basi tufanye nini? Kwanza, ndani ya familia. Mama aliye katika eda hatoki, na jioni zake ni ndefu. Akae na wanawe, kila mmoja ataje jambo moja jema la marehemu, na mwenye mwandiko mzuri aliandike katika daftari. Baada ya miezi minne na siku kumi daftari hilo litakuwa kitabu cha nyumba, na wadogo watakapokua watamjua baba yao kutoka humo. Kila ukurasa ufungwe kwa dua, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba miongoni mwa matatu yasiyokatika baada ya kufa ni mtoto mwema anayemwombea mzazi wake. Hapo mama naye atapona pamoja na wanawe, kwani asili ya msiba ni wa nyumba nzima.

Pili, katika madrasa. Mwalimu awe na orodha ya wanafunzi waliofiwa, na asiifute baada ya arobaini. Atenge saa moja baada ya darsa ya Alhamisi kwa kasida, khati, ushonaji wa kofia au ususi wa mikeka, na vijana waliofiwa wakae na wenzao bila ya kutengwa wala kuonyeshwa kidole. Wanaosoma kasida pamoja huvuta pumzi pamoja. Kijana aliyekuwa akidhani yuko peke yake duniani husikia sauti yake ikibebwa na sauti za wengine.

Lakini tuchukue tahadhari. Kijana asilazimishwe, na utungo wake usigeuzwe tamasha. Si adabu kumsimamisha binti mbele ya wageni wa arobaini asome shairi lake ili watu walie na kumtunza fedha. Alichoandika ni amana. Na akionekana hali wala halali kwa majuma mengi, ameacha shule, au anasema anatamani naye afe, hapo kasida haitoshi. Apelekwe hospitali, aonane na mtaalamu wa afya ya akili, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, na ugonjwa wa moyo wenye huzuni si aibu ya ukoo.

Tatu, na hili ni zito zaidi, sanaa isiwe pazia la dhuluma. Haifai ami amsifu kijana kwa sauti yake nzuri ilhali nyumba ya marehemu ameshaiuza. Suratun Nisaa aya ya 10 imewatisha kwa moto wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma. Mirathi igawanywe kwa haki, ada ya shule ilipwe, kisha ndipo tuzungumze habari za kalamu na wino.

Nchi yetu imepitia misiba mikubwa. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander ikazama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011. Misiba hiyo iliwaacha vijana wengi bila baba, bila mama, wengine bila hata kaburi la kuzuru. Tulitoa rambirambi, nazo ni kitu chema. Lakini rambirambi huisha, na kijana asiye na kaburi la kusimama mbele yake anahitaji mahali pengine pa kuiweka huzuni yake.

Mola wetu alipomliwaza Mtume wake katika Suratudh Dhuhaa, alimkumbusha kwamba alimkuta yatima akampa makaazi, kisha akamkataza kumwonea yatima. Aliyefiwa na mama akiwa na miaka sita, na babu akiwa na miaka minane, aliyajua makaazi hayo yana thamani gani. Makaazi si paa peke yake. Ni pamoja na mtu wa kukusikiliza mpaka ubeti wa mwisho.

Allah (S.W.) awarehemu waliotutangulia, awape subira njema vijana wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaobaki baada ya jamvi kukunjwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.