Madaktari wa ini, Izimbya mnaiona?

Wadau, leo naomba tuzungumze kuhusu ini. Najua hapa mmezoea siasa na mpira, lakini nivumilieni kidogo.

Kwetu Izimbya mtu akivimba tumbo, macho yakawa ya njano na miguu ikajaa maji, maneno huanza kabla ya vipimo. Karogwa. Au katiliwa sumu kwenye rubisi, na hapo watu wanaanza kuhesabu nani alikunywa naye siku ile. Nimehudhuria misiba ya namna hii ambayo ndugu waliondoka makaburini hawasalimiani. Waitu, ini lenyewe halikutajwa hata mara moja!

Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari tu. Ila nikisoma tafiti za mabingwa wa ini naona jambo moja linalonikera: bingwa huchunguza kile kinachofika mlangoni pake. Wengi wa Ulaya na Marekani siku hizi wanaandika kuhusu ini lenye mafuta, kwa sababu ndilo wanaloliona na ndilo lenye fedha. Siwalaumu. Je, tumbo la Izimbya linaandikwa na nani?

Wapo, ila wachache na wako mbali. Mwaka 2012 Dk. Hyasinta Jaka na wenzake wa Bugando, Mwanza, walichapisha utafiti wa wagonjwa 240 waliovuja damu tumboni, wengi wao wakiitapika. Asilimia 51.3 walikuwa na mishipa ya umio iliyovimba na kupasuka. Vidonda vya tumbo, ambavyo sote hukimbilia kuvitaja, vilikuwa asilimia 25. Mishipa ile huvimba damu inaposhindwa kupita kwenye ini lililokakamaa, iwe kwa kichocho cha tumbo, kwa virusi vya homa ya ini au kwa pombe. Na asilimia 60 ya wagonjwa wale walikuwa na miaka 40 au chini yake. Hawa ni watu wa rika la kusomesha watoto, jamani. Ng'ambo ya Mutukula, kule Makerere, Prof. Ponsiano Ocama naye amefanya kazi kubwa juu ya homa ya ini B, hasa kwa wenye VVU.

Sasa tukishataja VVU, Kagera tuna la kusema. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana mkoani kwetu mwaka 1983. Mwaka 1987 Japhet Killewo wa Muhimbili na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipima watu mitaani na vijijini wakakuta asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi. Hawakusubiri wagonjwa wapande basi au meli. Wakarudi tena na tena, na mwaka 1996 mjini ikawa asilimia 13.3. Kwa hiyo utafiti wa kufuata watu majumbani hapa kwetu si ndoto, ulishafanyika! Tena tenofovir, dawa iliyozoeleka kliniki za VVU, ndiyo hiyo hiyo inayozuia homa ya ini B.

Tatizo ni njia ya kufikia ubingwa. Miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa mazoezi, miaka mingine mitatu ya shahada ya uzamili, ndipo uanze kusomea ini. Ukimaliza unahitaji mashine ya kuchungulia tumbo, na mashine ziko mijini. Nani atarudi kijijini? Hata mimi nisingerudi.

Lakini kila daktari anayesomea ubingwa lazima aandike tasnifu. Nyingi hufanyiwa wodini, kwenye hospitali kubwa ileile anayosomea. Hapo ndipo wizara na vyuo vyetu wangeweza kubadili kitu bila kujenga jengo hata moja: watenge fedha kwa atakayekubali kuifanyia tasnifu yake ya ini Bukoba Vijijini, au Muleba kwenye visiwa na mialo ya wavuvi, ambako kichocho si habari mpya. Baruch Blumberg hakuwa hata daktari wa ini. Alikuwa akikusanya damu za watu wa mataifa mbalimbali kutafuta tofauti za kurithi, akakutana na kirusi cha homa ya ini B katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Akapata Nobeli mwaka 1976, na chanjo ikatokana na kazi hiyo. Watoto wetu walianza kuipata kwenye chanjo za kawaida mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, wengi hatujawahi hata kupimwa.

Na kupima kwenyewe ni tone la damu na kusubiri kama robo saa. Daktari mmoja mwanafunzi, ultrasaundi moja ya kubeba mkononi, wiki chache mwezi wa saba barabara zikiwa kavu. Chumba cha kulala Izimbya tutamtafutia.