Shimo Liwe Moja, Lakini Andikeni Majina

Kuna hoja moja inarudi kila ugonjwa mpya ukitajwa kwenye habari, na nimechoka nayo. Inasema wakati wa mlipuko hakuna nafasi ya heshima. Watu wanakufa wengi, maiti ni hatari, chimba shimo, tupa, funika, twende. Halafu mtu anaweka ule mchoro wa Ulaya, watu wa tauni wakimwagwa kutoka kwa mkokoteni, kama ushahidi kwamba binadamu wote wakibanwa hufanya hivyo.

Sawa, tuanze na hao hao Wazungu wa mchoro.

London, 1348 hadi 1349. Karibu na ule Mnara wao maarufu, mahali panaitwa East Smithfield, ilichimbwa mitaro mirefu ya kuzika waliouawa na tauni. Waakiolojia walifukua hapo miaka ya 1980 wakakuta mifupa ya mamia ya watu, kwingine wakiwa wamepandana hadi watano. Lakini walikuwa wamepangwa. Mmoja kando ya mwingine, vichwa upande wa magharibi kama ilivyokuwa desturi ya Wakristo, wengine ndani ya majeneza. Hebu mfikirie mchimbaji wa siku hizo. Hajui bakteria ni nini, hajui viroboto wa panya wanahusika vipi, majirani zake wanaisha, na bado anashuka kwenye mtaro kumnyoosha miguu mtu ambaye labda hata hamjui.

Siwapambi. Tauni ya 1665 ilipofika, wakuu wa mji huo huo waliamuru maiti zizikwe kabla jua halijachomoza au baada ya kuzama, na majirani na marafiki wasisindikize. Usiku, bila watu. Shikilia hapo, nitarudi.

Hata hivyo, makarani wa kanisa waliendelea kuandika. 2015, reli mpya ya Crossrail ikipitishwa Liverpool Street, walifukua mifupa ya zaidi ya watu 3,000 kwenye makaburi ya zamani ya Bedlam. Shimo moja lilikuwa na watu 42, na vipimo vya DNA vikathibitisha kwamba tauni ilikuwemo. Kabla ya kufukua, watu wa kujitolea walipekua rejista za parokia wakatoa orodha ya majina zaidi ya 5,000 ya waliozikwa hapo kati ya karne ya 16 na ya 18. Wengi walikuwa maskini wa mji, na leo bado unaweza kuwataja kwa jina.

Sasa njoo nyumbani. Kila mtu amepita Kariakoo, ya Nairobi au ya Dar. Jina limetoka kwa kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Vijana wa rika langu walikokotwa kubeba risasi na unga wa jeshi la Mwingereza hadi Tanganyika, na wengi waliokufa hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na mwishoni ile homa ya mafua ya 1918. Makaburi yao yako wapi? Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Mji mkuu ule ule. Maskini wa London aliyekufa kwa tauni 1665 yuko kwenye rejista, mpagazi aliyekufa 1917 hayuko. Kwa hiyo usiniambie ugonjwa ndio unafuta majina. Mtu aliye na daftari ndiye anaamua nani ataandikwa.

Na kwetu jina si mapambo. Sisi Wakalenjin tuna kurenet: mtoto akizaliwa, yanaitwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na mtoto akipiga chafya basi aliyeitwa amekubali kurudi. (Wale wa mjini mtacheka. Chekeni, lakini nyanya yako anajua alivyopata lake.) Kumbuka pia kwamba zamani Wanandi na majirani zao hawakuzika kila mtu. Maiti nyingi ziliwekwa porini zichukuliwe na fisi; wazee sana na watoto wachanga ndio waliozikwa. Haya makaburi ya saruji na vigae mnayoyaona hapa Kaptagat ni mambo ya juzi. Kwa hiyo shimo lenyewe halinitishi. Wazee waliishi bila shimo. Lakini wangeitaje mtu asiyejulikana ni nani, alikufa lini, ni wa kwa nani?

Turudi kwa ile ya usiku. Wikendi ya Pasaka, Aprili 2020, Siaya. Mwanamume aliyedhaniwa kufa kwa korona alizikwa usiku wa manane, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, huku familia ikilia pembeni. Klipu mliiona wote. Watetezi walisema: sayansi. Sawa, sayansi gani? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maiti za korona tarehe 24 Machi 2020, kama wiki 3 kabla ya usiku huo. Mimi chuo niliacha, lakini hati yenyewe ni kurasa chache tu na nimeisoma. Inasema maiti kwa kawaida haziambukizi, isipokuwa za homa za kutokwa damu kama Ebola na Marburg, na za kipindupindu. Inasema heshima ya marehemu na mila za familia zilindwe, na kuzika haraka haraka kuepukwe. Karatasi ilikuwepo! Yaani 2020 tulifanya yale ya 1665, tukiwa na intaneti mfukoni.

Mtu ataniuliza: na Marburg je? Swali zuri, hasa kwetu, maana pango la Kitum liko Mlima Elgon, na wagonjwa wa Marburg wa 1980 na 1987 wote walikuwa wamelitembelea. Na Oktoba 2017, upande wa Uganda wa mlima huo, Kween, kwa ndugu zetu Wasabiny, watu 3 wa familia moja walikufa. Dada alimuuguza kaka yake, akashiriki mazishi, akafuata. Hapo maiti inaua kweli. Hakuna kuosha, hakuna kugusa, na mzee akileta ubishi wa mila mimi mwenyewe nitamzuia.

Lakini hata hapo dawa si kutupa watu. Mwishoni mwa 2014, Ebola ikichinja Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilibadilisha utaratibu wake wa mazishi: familia iulizwe, kiongozi wa dini awepo, kaburi liwe na alama, jamaa waone kwa mbali. Waliona watu wanaficha wagonjwa na kuzika kisiri. Ni hesabu rahisi. Ukiambiwa mama yako ataingia kwenye mfuko na hutaonyeshwa alipolazwa, je, utapiga simu kuita gari la wagonjwa?

Ninachotaka ni kidogo. Mazishi ya mchana. Mtu mmoja wa familia hatua chache kutoka kaburini, hata kama ni mita 20. Kila mfuko uwe na jina, na jina lile lile liandikwe kwenye ubao na kwenye daftari la chifu, pamoja na nafasi yake kwenye mstari ikiwa shimo ni moja. Na yote yaandikwe kabla ugonjwa haujafika, si saa nane za usiku na dereva anapiga honi.

Kaptagat tuko katikati ya kaunti mbili, Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet. Kama kuna mtu wa afya wa kaunti yoyote kati ya hizo anasoma hapa na anao mpango huo kwa maandishi, auweke hapa chini. Nitausoma wote, na nitausambaza bila kulipwa.