Mwenye gari la umeme Nakuru asibaki peke yake

NAAM, yameanza kuonekana. Ukisimama kando ya Kenyatta Avenue hapa Nakuru Jumamosi asubuhi, katikati ya tuktuk, matatu za Njoro na pikipiki za kelele, mara hupita gari moja likinyata kama paka. Watu hugeuza shingo. Likiegeshwa, mwenyewe huzingirwa kwa maswali: linakwenda kilomita ngapi? Mvua ikinyesha je? Na stima ikipotea?

Swali ambalo ni wachache humuuliza ni hili: likiharibika, unamwendea nani? Mwenye gari la petroli ana makanika kila pembe ya mji. Mwenye gari la umeme mara nyingi ana nambari ya simu ya aliyemuuzia tu, na aliyemuuzia keshatia pesa mfukoni.

Ndiyo maana safu hii leo inawasihi wenye magari hayo, kutoka Naivasha hadi Molo, waunde chama. Sisemi chama cha kupigana picha na kuvaa fulana za rangi moja, ingawa hilo nalo si dhambi. Nasema chama cha kusaidiana na kuteteana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo lenyewe si geni hapa kwetu. Mwaka 1919, magari yalipokuwa machache na barabara zikiwa matope matupu, wenye magari walianzisha Royal East African Automobile Association, chama ambacho leo tunakijua kama AA Kenya. Mwenye gari la umeme wa leo yumo katika hali ile ile ya upweke, isipokuwa yeye anatafuta soketi badala ya daraja.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Norway. Mwaka 1989 mwanamazingira Frederic Hauge na wanamuziki wa kundi la a-ha waliingiza nchini humo Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme. Wakaiendesha kupitia vituo vya kulipia barabara bila kulipa. Serikali ikalinasa gari na kulipiga mnada, wao wakalinunua tena na kurudi barabarani! Mwaka 1995 wenye magari ya umeme wakaunda chama chao, na mwaka 1997 magari hayo yakaondolewa ada ya barabara. Mwaka 2024, karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa Norway yalikuwa ya umeme. Sisemi chama ndicho kilichofanya yote hayo, kwani kodi pia ilipunguzwa sana, lakini palikuwa na watu wa kubisha hodi ofisini kila mwaka.

Kule Marekani mambo yalikwenda kombo. Kampuni ya General Motors ilikodisha gari la umeme liitwalo EV1 kuanzia mwaka 1996, kisha ikayakusanya na kuyaponda mengi. Waliokuwa wakiyaendesha walifanya hata maziko ya kuigiza mwaka 2003, wakilia. Kampuni haikusikia. Magari hayakuwa yao, yalikuwa ya kukodi.

Sasa rudi hapa nyumbani. Novemba 2025, Rais William Ruto alizindua ujenzi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, inayokatiza Naivasha, Gilgil na Nakuru, na ambayo wasafiri watailipia. Je, gari la umeme litalipa sawa na lori la dizeli kwa uchafu wake? Litapata mahali pa kuchaji njiani? Maswali kama haya huamuliwa mezani, na asiye na kiti mezani husomewa tu.

Tuje kwenye milima, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Gari dogo kama Nissan Leaf lenye betri ya yuniti 40 huenda kilomita sita hivi kwa yuniti moja, kwa hiyo safari hiyo ni yuniti 27. Hesabu tamu! Lakini kupanda hadi nyanda za Limuru na familia nzima ndani hula yuniti nyingine tatu na zaidi. Ukiteremka Bonde la Ufa, mota hugeuka jenereta na kukurudishia sehemu yake, wala si zote. Kutoka Nakuru kwenda Eldoret ni kugumu zaidi: Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na kupanda huko pekee hula karibu yuniti tano.

Betri ikiwa nzima, utafika Nakuru na akiba. Ikiwa imechoka kwa theluthi moja, gari litakuacha Gilgil ukitazamana na nyani.

Na betri zilizochoka ndizo zinazouzwa kwa bei tamu. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, kwa hiyo joto huidhoofisha mapema. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vya kuonyesha afya yake, lakini cha kwanza hakizimi hadi betri ipoteze karibu asilimia 15. Isitoshe, kuna wajanja wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ili vijistari vyote viwake upya kwa muda. Dawa ni kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya simu kama LeafSpy, inayosoma hali ya betri yenyewe. Mtu mmoja ataona uvivu kukinunua kwa ajili ya gari moja. Chama cha watu 15 kitakinunua kwa mchango wa siku moja, na kitaokoa akiba ya miaka ya familia fulani.

Ukinunua, uliza pia plagi. Leaf hutumia plagi ya Kijapani kwa chaji ya haraka, magari mengi ya Kichina yana yake, ya Ulaya yana yake.

Nyumbani nako kuna kisa. Soketi ya kawaida ni salama kwa birika linalochemka dakika tatu, lakini gari hunyonya stima saa kumi mfululizo. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA aweke waya wake maalum. Wa Milimani mwenye ua wake hana neno. Wa Pipeline au Free Area anayeishi ghorofa ya nne je? Atateremshia waya dirishani? Mwenye ploti atalalamika, na majirani watasema tokeni zinakwisha kwa sababu yake. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalum ya kuchajia magari: Sh16 kwa yuniti, na Sh8 usiku wa manane, kabla ya kodi na ada nyingine. Lakini yahitaji mita yake. Wapangaji watano wakienda pamoja kwa mwenye ploti na pendekezo lililoandikwa, mazungumzo huwa mengine.

Inauma kuona hivyo, kwa sababu stima yenyewe inatoka hapa hapa. Olkaria imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu 1981, na mtambo wa Sosian kule Menengai ulianza mwaka 2023. Usiku, watu wakilala, mvuke mwingine huachwa upotee hewani kwa kukosa mnunuzi.

Chama kisiwafungie mlango wasio na magari. Waingie waendeshaji bodaboda za umeme, wanaojua betri kuliko wengi wetu. Waingie wanafunzi wa umeme kutoka Egerton, na vijana walioona magari ya Safari Rally kule Naivasha kati ya 2022 na 2024 yakitembea kimya kwa mota kabla ya kunguruma. Mkutano wa kwanza hauhitaji hoteli. Watu sita, daftari moja la kuandika nani ana plagi gani na fundi yupi anaaminika, na hicho kifaa cha kusoma betri kipite kutoka gari hadi gari.